Thailand: chama kinashinda uchaguzi, mwaka unaofuata kinafutwa. Mpini kaushika nani?

Mbuyuni_Lindi

Habari za jioni wanajamvi. Klabu ya mdahalo ya kidato cha tano na sita hapa Lindi imepewa mada "Kura peke yake haimpi mtu madaraka", na nchi ya mfano ni Thailand. Wapinzani wetu wanatoka Mtwara mjini, na wale wanajulikana: wanakuja na tarehe mkononi, ukikosea mwaka mmoja hoja yako yote imekwenda na maji. Vijana wanaandaa bango la manila, wamekwama hapa:

1. Mapinduzi yao ni mangapi? Kitabu kimoja 12, kingine 13, mtandaoni wapo wanaofika 19 na kuendelea.
2. Mwaka 2023 Move Forward waliongoza kwa wabunge, kiongozi wao hakuwa waziri mkuu, mwaka uliofuata chama kikafutwa. Kisheria ilikuwaje, hatua kwa hatua?
3. Mawaziri wakuu wanaondolewa na mahakama kama vibarua. Kwa makosa gani hasa?
4. Mikoa yao inaendeshwa kama yetu?

Halafu kuna ugomvi mdogo: mmoja kaandika Mfalme Prajadhipok alijiuzulu 1934, mwenzake 1935. Kila mmoja anaapa kasoma.

---

Shangani_Juu

Mwalimu, hizo namba zote zina wenyewe. Chagueni moja, halafu mseme mmehesabu nini.

Tarehe 24 Juni 1932 iwekeni pembeni. Siku hiyo Khana Ratsadon, yaani Chama cha Wananchi, kundi la maofisa wa jeshi na wasomi waliosoma Ulaya, liliuweka ufalme chini ya katiba. Pridi Banomyong ndiye aliyekuwa kichwa cha upande wa raia, Phibun akiwa kwenye upande wa askari. Wengi huiita badiliko la utawala, na ndipo hesabu inapoanzia baada yake.

Yaliyofaulu kuanzia hapo: 20 Juni 1933, 8 Novemba 1947, 6 Aprili 1948, 29 Novemba 1951, 16 Septemba 1957, 20 Oktoba 1958, 17 Novemba 1971, 6 Oktoba 1976, 20 Oktoba 1977, 23 Februari 1991, 19 Septemba 2006, 22 Mei 2014. Hayo ni 12. Mwenye 13 ameongeza 1 Aprili 1933, pale Waziri Mkuu Phraya Manopakorn alipolifunga bunge na kusimamisha baadhi ya ibara za katiba bila risasi hata moja. Mwenye 19 na zaidi amechanganya na majaribio yaliyoshindwa.

Vijana wataulizwa tu: mtu anajipinduaje mwenyewe? Novemba 1971 Thanom Kittikachorn alikuwa tayari waziri mkuu. Bunge lilimsumbua, akaifuta katiba ya 1968, akalifuta na bunge lenyewe, akabaki kwenye kiti kile kile. Ndiyo maana msiandike "mapinduzi = kuondoa serikali". Andikeni "mapinduzi = kushika madaraka yote kwa nguvu, nje ya katiba". Hapo la 1971 linaingia bila kulazimishwa.

Kati ya yaliyoshindwa, la 29 Juni 1951 litawachekesha ukumbini. Phibun alikuwa gatini Bangkok kupokea meli ya kuchimba mchanga iliyotolewa na Marekani, jina lake Manhattan. Maofisa wa jeshi la majini wakamkamata hapo hapo mbele ya wageni, wakampandisha manowari yao, Sri Ayudhya. Jeshi la anga likaipiga mabomu ile manowari huku waziri mkuu wao wenyewe akiwa ndani. Aliruka majini akaogelea mpaka nchi kavu, na serikali yake ikashinda. Jeshi la majini likapunguzwa makali, na tangu hapo mapinduzi pale kwa kiasi kikubwa ni kazi ya jeshi la nchi kavu.

Jambo la pili ambalo watu hawalisemi: mapinduzi yao yana kinga ya mahakama. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyefaulu kushika madaraka ya nchi ndiye serikali halali, na amri zake ni sheria. Kwa hiyo karibu kila mkuu wa jeshi anayepindua anapita njia ile ile. Anafuta katiba, anatoa katiba ya muda yenye ibara ya kuwasamehe waliopindua, anateua bunge, bunge linasimamia uandishi wa katiba mpya, ndipo uchaguzi unaitishwa. Ndiyo sababu wamefikisha katiba 20, ya mwisho ikiwa ya 6 Aprili 2017. Sisi ile ya 1977 tunaitia viraka. Wao wanavua na kushona mpya.

Katiba ya muda ndiyo ya kutazama zaidi. Ile ya Sarit Thanarat ya 1959 ilikuwa na ibara 20 tu, ikadumu miaka tisa. Ibara ya 17 ilimruhusu waziri mkuu kuadhibu mtu bila kumpitisha mahakamani, hata adhabu ya kifo. Ukisoma ibara ya 44 ya katiba ya muda ya 2014 unamwona yule yule kabadili shati.

---

Korosho_Ghafi

Nachukua swali la pili.

Baraza la Wawakilishi lina viti 500: 400 vya majimbo, 100 vya orodha ya chama. Msizifananishe hizo 100 na viti maalum vyetu, hazina uhusiano na jinsia. Mei 14, 2023 mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya zambarau kwa jimbo na ya kijani kwa chama. Mtego ulikuwa kwenye namba. Karatasi ya zambarau ilikuwa na namba tupu, haina jina la mtu wala la chama, na namba ya mgombea jimboni haikufanana na namba ya chama chake kwenye ile ya kijani. Aliyekwenda kituoni amekariri namba moja tu alikuwa hatarini kumpa kura asiyemjua.

Matokeo: Move Forward 151 (majimbo 112, orodha 39), Pheu Thai 141 (112 na 29). Vyama vinane vikaungana, jumla 312. Kwenye bunge la kawaida la viti 500, 251 zinatosha, mnaapishwa mnakwenda kula.

Sasa ibara ya 272. Ni ibara ya mpito ya katiba ya 2017: kwa miaka mitano tangu bunge la kwanza chini ya katiba hiyo, waziri mkuu anachaguliwa na mabaraza mawili yakikaa pamoja, wawakilishi 500 na maseneta 250. Hao 250 waliteuliwa chini ya uongozi wa kijeshi uliopindua 2014. Nusu ya 750 na mmoja juu ni 376. Chukua 376 toa 312: zinakosekana 64, na lazima zitoke kwa walioteuliwa na wanajeshi au kwa vyama vilivyokuwa serikalini na Prayut, jenerali aliyepindua 2014 akawa waziri mkuu. Hesabu hiyo muiandike kubwa katikati ya bango, maana ndiyo mdahalo wenyewe.

Julai 13 seneta mmoja alikuwa amejiuzulu, kwa hiyo kikomo kikawa 375. Pita Limjaroenrat, kiongozi wa Move Forward, alipata 324: wabunge 311, maseneta 13.

Julai 19 akapigwa mara mbili kwa siku moja. Mahakama ya Katiba ilimsimamisha ubunge kwa sababu ya hisa 42,000 za iTV, kampuni ya televisheni iliyokuwa imeacha kurusha matangazo tangu 2007. Katiba inakataza mgombea kumiliki hisa za chombo cha habari. Na bungeni siku hiyo hiyo wakapiga kura 395 kwa 312 kwamba jina lililoshindwa ni hoja iliyoshindwa, na hoja iliyoshindwa hairudi ndani ya mkutano ule ule. Kanuni za bunge za kuzuia mtu asirudie hoja zikatumika kuzuia mtu asigombee. Januari 24, 2024 mahakama ikamsafisha kwenye hisa, kwa kuwa iTV haikuwa ikifanya kazi ya habari. Sherehe ilikuwa imekwisha na masufuria yameoshwa.

Pheu Thai waliwaacha wenzao, wakaungana na vyama vya upande wa wanajeshi, na Agosti 22, 2023 Srettha Thavisin akapita kwa kura 482. Thaksin Shinawatra, waziri mkuu aliyepinduliwa 2006 na mwenye nguvu nyuma ya Pheu Thai, alirudi nchini siku hiyo hiyo baada ya miaka zaidi ya 15 nje. Mtu asiwaambie ni bahati tu.

Kufutwa kwa chama ni kesi nyingine kabisa, msizichanganye. Move Forward waliahidi kurekebisha kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu, kinacholinda heshima ya mfalme. Januari 31, 2024 Mahakama ya Katiba ikasema kampeni ile ni jitihada ya kupindua mfumo wa utawala. Tume ya Uchaguzi ikaichukua hukumu hiyo kama ushahidi, ikaomba chama kifutwe, na Agosti 7 kikafutwa, viongozi 11 wakafungiwa siasa miaka 10. Wabunge wa kawaida hawapotezi kiti: wana siku 60 za kuhamia chama kingine. Walihamia Prachachon ndani ya siku chache.

---

Mikindani_Kale

Wakuu mnazunguka mbuyu. Nchi ina mfalme, ina jeshi, ina hicho kifungu cha 112. Hayo mengine ni mapambo ya harusi. Vijana waandike sentensi moja wakae.

---

Bi_Ndanda

Kaka wa Mikindani, sentensi hiyo Mtwara wataimeza asubuhi kabla ya chai. Watauliza: kama ni hivyo tu, kwa nini mwaka 2006 walitumia vifaru na 2024 wakatumia karatasi? Kazi ya mdahalo ni kueleza mtambo, si kunyoosha kidole kwa mwenye mtambo.

112 ni kweli ina uzito. Kifungo ni miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na kila chapisho mtandaoni linahesabiwa kosa lake, ndiyo maana unasikia watu wamefungwa miongo. Halafu mlalamikaji si lazima awe ikulu: raia yeyote anaweza kwenda kituo cha polisi chochote akafungua shauri.

Lakini ukitaka kuelewa siasa za kila siku pale, uliza swali moja kwa kila chombo: nani anamthibitisha anayekaa pale? Mahakama ya Katiba ina majaji 9. Watatu wanatoka Mahakama ya Juu, wawili Mahakama ya Juu ya Utawala, mmoja msomi wa sheria, mmoja msomi wa siasa, wawili waliokuwa watumishi wakubwa wa serikali. Muhula miaka 7, hakuna kurudi. Tume ya Uchaguzi watu 7. Tume ya kupambana na rushwa watu 9. Majina yote haya yanapita Seneti. Akikataliwa na Seneti, harudi. Kwa hiyo Seneti ndilo tangi, vingine ni mabomba. Waliopanga katiba ya 2017 hawakuhangaika sana na nani atashinda uchaguzi, walilikalia tangi.

Ile ya walioteuliwa 250 ilimaliza muda Mei 2024. Ikaja ya 200, na namna wanavyopatikana sijaona nchi nyingine inafanya. Raia hapigi kura. Wanaopigiana kura ni wagombea wenyewe. Unatakiwa uwe na miaka 40, uzoefu wa miaka 10 kwenye fani yako, na ada ya baht 2,500. Makundi ni 20: wapo wakulima wa mpunga na mazao ya msimu, walimu, watu wa afya, wanawake, wazee na wenye ulemavu, wafanyabiashara na kadhalika. Ngazi ni tatu: wilaya, mkoa, taifa. Kila ngazi ina duru mbili. Kwanza mnapigiana ndani ya kundi lenu, kisha waliobaki wanapigiwa na watu wa makundi mengine waliopangwa nao kwa kura ya bahati. Wilayani wanatoka watatu kila kundi, mkoani wawili, taifa kumi. Kumi mara 20 ni 200.

Inaharibika wapi? Kwenye ada. Baht 2,500 ni ndogo kwa mwenye mtandao na kubwa kwa mwalimu wa kijijini. Mwenye mtandao anaweza kuwalipia watu ada waingie kama wagombea, na kazi yao isiwe kushinda, iwe kumpigia wa kwao. Dalili yake ni mgombea aliyepata sifuri: hata yeye mwenyewe hakujipigia, na ada amelipa. Malalamiko ya kupanga kura yakafika Tume ya Uchaguzi na idara maalum ya upelelezi, na kundi kubwa lililoingia likabatizwa jina "bluu" kwa rangi ya chama kinachodhaniwa kuwa nyuma yake.

Tahadhari ya bango: tangu Mei 2024 maseneta hawapigi tena kura ya waziri mkuu. Paetongtarn Shinawatra (kura 319, Agosti 16, 2024) na Anutin Charnvirakul (311, Septemba 5, 2025) walichaguliwa na baraza la chini peke yake. Mkiandika "Seneti humchagua waziri mkuu" bila mwaka, mmekwisha.

---

Mbuyuni_Lindi

Bi Ndanda, asante sana, hilo la tangi na mabomba tumelichukua jinsi lilivyo. Bado swali la tatu. Kijana mmoja anasema waziri mkuu aliondolewa kwa kupika, wenzake wamemcheka darasa zima.

---

Bi_Ndanda

Mwombeni radhi huyo kijana.

Samak Sundaravej, Septemba 9, 2008. Aliendelea kutangaza kipindi cha mapishi kwenye televisheni akiwa waziri mkuu na akapokea malipo. Katiba ya 2007 ilikataza waziri kuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Utetezi wake ulikuwa kwamba yeye si mwajiriwa, hana mkataba wa ajira. Majaji wakafungua kamusi ya Kithai na kuchukua maana ya kawaida ya neno mwajiriwa, pana kuliko ile ya sheria ya kazi. Neno moja likapanuliwa, serikali ikaanguka.

Aliyemfuata, Somchai Wongsawat, alidumu mpaka Desemba 2 mwaka huo huo. Yeye hakufanya kosa mwenyewe: kiongozi mmoja wa chama alipatikana na hatia ya rushwa ya uchaguzi, na ibara ya 237 ya katiba ya 2007 ilifanya kosa la kiongozi mmoja wa chama litoshe kukifuta chama kizima na kuwafungia viongozi wote.

Yingluck Shinawatra, Mei 7, 2014: kumhamisha katibu wa baraza la usalama wa taifa mwaka 2011 kwa namna iliyoonekana kumnufaisha ndugu yake kwenye mlolongo wa vyeo. Srettha, Agosti 14, 2024, kura tano kwa nne: kumteua waziri ambaye mwaka 2008 alifungwa miezi sita kwa kudharau mahakama, baada ya baht milioni 2 kupelekwa kwa maofisa wa mahakama zikiwa ndani ya mfuko wa vitafunio. Paetongtarn, Agosti 29, 2025, sita kwa tatu: simu na Hun Sen wa Kambodia iliyovuja, anamwita mjomba na kumsema kamanda wa jeshi lake mwenyewe wakati mpakani kuna mvutano.

Angalieni makosa yanavyobadilika sura. Ya 2008 yalikuwa ya kiufundi: ajira, kamusi. Ya 2024 na 2025 ni ya maadili. Katiba ya 2017, ibara ya 160, inataka waziri awe na "uadilifu ulio dhahiri" na asivunje vibaya viwango vya maadili, na viwango vyenyewe viliandikwa na Mahakama ya Katiba pamoja na vyombo huru. Aliyeandika kipimo ndiye anayepima.

Mtwara watawauliza: je, mahakama hiyo imewahi kumwacha mtu? Imewahi. Ukomo wa waziri mkuu ni miaka 8. Prayut Chan-o-cha alishika kiti Agosti 2014, hivyo Agosti 2022 wapinzani wakasema muda umeisha. Mahakama ikamsimamisha kwa muda, kisha Septemba 30 ikaamua, sita kwa tatu, kwamba hesabu inaanza siku katiba mpya ilipotangazwa, Aprili 6, 2017. Miaka karibu mitatu ikafutika kwa kalamu. Wekeni kesi hii kando ya ile ya Samak, msiseme neno, mwache ukumbi ujisomee.

---

Tandahimba_Msimu

Kuna kipande mmekiruka, na watu wa Lindi na Mtwara ndio wangekielewa haraka kuliko wote: mpunga wa Yingluck.

Oktoba 2011 serikali yake ilianza kupokea mpunga kwa rehani, baht 15,000 kwa tani ya mpunga mweupe, 20,000 kwa ule wa harufu. Mkulima anajisajili, anapeleka mpunga kinuni, unapimwa uzito na unyevu, anapewa hati. Hati anaipeleka Benki ya Kilimo na Ushirika, analipwa. Karatasi yake inafanana na stakabadhi ghalani, lakini moyo wake ni tofauti kabisa. Stakabadhi yetu inasubiri mnada, bei inaweza kupanda au kushuka. Ile bei ilikuwa imeshapangwa, juu ya soko kwa mbali, na serikali iliahidi kupokea kila punje. Rehani maana yake mkulima anaweza kurudi kukomboa mpunga wake soko likipanda. Kwa bei ile nani angekomboa? Jina lilikuwa rehani, kilichofanyika ni ununuzi.

Mpango wa serikali ulikuwa kuufungia mchele ghalani ili bei ya dunia ipande. Thailand ilikuwa muuzaji wa kwanza, wakadhani dunia itawasubiri. Septemba 2011 India ikafungua tena mauzo yake ya nje. Vietnam nao wapo. Mwaka 2012 Thailand ikashuka mpaka nafasi ya tatu huku maghala yamejaa, na mchele ukikaa unapauka, unaingia wadudu, unauzwa kwa hasara.

Mnaokumbuka Novemba 2018, serikali ilipotangaza itanunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo na JWTZ wakapewa kazi ya kusomba, mnajua swali la kwanza la mkulima linakuwa lipi: hela inaingia lini? Kwao jibu lilikwama kwenye katiba. Desemba 9, 2013 Yingluck alivunja bunge kwa shinikizo la maandamano. Serikali ya mpito hairuhusiwi kuingia deni litakalobebwa na serikali ijayo, kwa hiyo benki ya wakulima ikakauka na benki nyingine zikaogopa kukopesha. Februari 2014 benki ya akiba ya serikali ilipoikopesha, wenye akiba walipanga foleni kutoa fedha zao, na mkuu wa benki akajiuzulu. Wakulima waliompigia kura wakaandamana kumdai. Wanajeshi walipopindua Mei 22, kazi yao ya mwanzo mwanzo ilikuwa kulipa madeni ya mpunga. Waliijua njia ya kuingia kwenye nyumba ya mtu.

Septemba 27, 2017 Mahakama ya Juu ilimhukumu Yingluck miaka mitano, akiwa ameshakimbia nchi. Kosa ni kuzembea kuzuia hasara na ulaghai kwenye mauzo ya mchele, si wizi wake binafsi. Vijana wengi huandika "alifungwa kwa wizi". Yote mawili si kweli: hakuiba kwa mujibu wa hukumu, na hakuingia gerezani.

---

Shangani_Juu

Naongeza hatua za Mei 2014 kwa kuwa Tandahimba kazigusa. Tarehe 20, saa tisa usiku, jeshi likatangaza sheria ya kijeshi na kusema "haya si mapinduzi". Tarehe 21 na 22 Prayut akaziita pande zote kwenye ukumbi wa klabu ya jeshi. Siku ya pili akauliza upande wa serikali kama watajiuzulu. Wakakataa. Akawaambia kuanzia sasa anashika nchi, milango ikafungwa, waliokuwamo wakapakiwa kwenye magari, jioni akatokea kwenye televisheni. Yaani walioalikwa kusuluhishwa walikuwa wamejipeleka wenyewe mahali pa kukamatiwa.

Na kama mtaulizwa kwa nini waziri wa ulinzi wa kiraia hawezi kumwondoa jenerali mapema: sheria ya wizara ya ulinzi ya 2008 inaweka uteuzi wa majenerali kwenye kamati, waziri na naibu wake wakikaa na katibu mkuu, mkuu wa majeshi na wakuu wa vikosi vitatu. Waziri ana kura, ila wenye magwanda ni wengi. Orodha ya vyeo inaanza kazi Oktoba 1 kila mwaka, ndiyo maana magazeti yao ya Agosti na Septemba yanajaa uvumi wa majenerali.

---

Korosho_Ghafi

Swali la nne, kwa ufupi. Mikoa 76 na Bangkok peke yake. Mkuu wa mkoa anateuliwa kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, mkuu wa wilaya vilevile, kama kwetu, tofauti ni kwamba wao ni watumishi wa wizara waliopanda ngazi, si wanasiasa waliotoka chamani. Mkuu wa kijiji na kamnan wa tambon (chukulieni kata) wanachaguliwa. Pembeni yake kuna safu ya pili: kila mkoa una halmashauri ya mkoa yenye rais na madiwani wa kuchaguliwa, kitu ambacho sisi hatuna, kwetu halmashauri zinaishia wilaya na miji. Hapo migongano haikosekani: barabara moja ina mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na rais wa halmashauri aliyechaguliwa, kila mmoja na bajeti yake. Gavana wa kuchaguliwa ni wa Bangkok tu. Kwenye uchaguzi wa Mei 22, 2022 Chadchart Sittipunt alishinda kwa kura zaidi ya milioni 1.38. Pattaya nayo ina meya kwa utaratibu wake maalum.

---

Mbuyuni_Lindi

Bango limepanuliwa manila mbili sasa. Kimebaki kile cha mfalme, 1934 au 1935. Aliyesema 1934 kaleta ushahidi: nyaraka ya Kithai imeandika 2 Machi 2477. Tukitoa 543 inakuja 1934. Hesabu yake haina kosa.

---

Shangani_Juu

Hesabu haina kosa, kalenda ndiyo yenye kosa. Zamani mwaka wao mpya ulianza Aprili 1. Kwa hiyo Januari, Februari na Machi zilikuwa mwisho wa mwaka, si mwanzo. Machi ya 2477 ilikuja baada ya Desemba ya 2477, na Desemba hiyo ni 1934. Machi inayofuata ni 1935.

Walihamia Januari 1 mwaka 2484, ambao ni 1941. Ili mambo yakae sawa, mwaka 2483 ulikuwa na miezi tisa tu, Aprili mpaka Desemba 1940. Kanuni ya kuandika nyuma ya bango: kuanzia 1941 toa 543 kwa mwezi wowote. Kabla ya hapo, Aprili mpaka Desemba toa 543, Januari mpaka Machi toa 542. Juni 24, 2475 inabaki 1932 bila shida, kwa kuwa ni Juni. Piteni pia kwenye tarehe nyingine zote za kabla ya vita mlizotoa kwenye nyaraka za Kithai, hasa za miezi mitatu ya mwanzo.

Andikeni "2 Machi 1935 (2477 kwa kalenda yao ya wakati ule)". Mtwara wakija na 1934, msibishane nao mwaka. Waulizeni mwezi.